Misumari Mdomoni

Fundi akianza kazi hasemi. Si kwamba hataki, hawezi. Anachota misumari midogo yenye vichwa bapa, anaitia mdomoni kama mtu anayekula karanga, halafu ulimi wake unaisukuma nje mmoja mmoja, kichwa mbele, na nyundo yake nyembamba yenye sumaku inaupokea palepale midomoni. Pa, kwenye mbao. Pa, mwingine. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia unagonga, mdomo ndio ghala. Nilipomwona mara ya kwanza nilipiga kelele nikidhani atajiua. Akaniambia kwamba tangu aanze kazi hiyo ya kuvisha makochi, akiwa kijana, amemeza miwili tu. Nikamuuliza ikawaje. Akasema, "Mama, mambo mengine tuyaache."

Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita, alipopanga chumba cha pili. Nyumba ni moja iliyokatwa ukuta katikati. Upande wangu nashona mapazia na foronya, upande wake makochi, na kati yetu kuna mlango usio na ubao, una pazia tu la maua ya kijani nililolishona mwenyewe. Yeye akivisha kiti, mimi ndiye nashona kile kitambaa cha kuvisha. Nilikwisha kuijua lugha yake ya misumari. "Mm" moja, ndiyo. "Mm-mm", hapana. Akiinua nyusi, ngoja nimalize mstari.

Asubuhi ile ya Jumanne alisimama penye pazia kabla hajatia kitu mdomoni. Alikuwa amenyoa ndevu. Shati lilikuwa limepigwa pasi, na kola yake ilikuwa imekunjika upande mmoja kama kawaida ya mwanamume anayejipigia pasi mwenyewe.

"Mwenzangu," akasema, "leo nataka jibu."

"Hata chai sijanywa, Fundi."

"Kunywa. Nangoja. Mimi kungoja si nimesomea?"

Nikacheka, naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilijua anachongoja. Kulikuwa na hoteli mpya katika mji wa mbali, viti mia nne na makochi juu yake, kazi ya miaka miwili na nyumba ya kukaa. Lori lilikuwa linakuja Alhamisi kuchukua vifaa vyake. Jumatano, yaani kesho yake, dada yake mkubwa alikuwa aende kwa kaka yangu kunichumbia, kwa heshima zote, mchana kweupe. Vyote vilikwisha pangwa. Kilichobaki kilikuwa kwangu.

"Sitaki kukuingiza kwangu kwa mlango wa nyuma," akasema. "Sijaiba mtu. Uliachwa, karatasi unayo. Nataka watu wajue kwanza kwamba uko huru, tena wakusikie wewe mwenyewe ukisema. Ukishasema hivyo, Dada aende kwa kaka yako."

"Wote niwaambie? Nipande juu ya meza?"

"Mwambie Mama Mboga peke yake. Mpaka adhuhuri mji mzima utakuwa umesikia."

Akanitazama. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili, nina wajukuu wawili kwa mwanangu wa kiume, na magoti yangu yanalia nikiinuka. Lakini mtu yule akinitazama, mikono yangu ilikuwa inasahau ilichoshika. Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauweka chini polepole.

"Leo," nikasema. "Nitasema leo."

"Leo?"

"Si nimesema leo?"

Akachota misumari, akaitia mdomoni, akaenda zake. Lakini aliligusa kwanza lile pazia la kijani, akalishika kidogo upindoni kama anayempima mtu ukosi. Nikakaa kwenye cherehani yangu, juu ya kiti alichonitengenezea mwaka ule wa kwanza mgongo uliponisumbua. Hakunipima kwa futi wala kuniuliza. Alikuwa amenitazama tu ninavyokaa, akajua kwamba naelemea kushoto, akaongeza sponji upande huo. Nilipokaa nikaona mgongo umetulia, na mimi nikalia kidogo, nikamwambia ni vumbi la kitambaa. Katika ndoa yangu ya miaka thelathini hakuna mtu aliyejua kwamba naelemea kushoto.

*

Mtaani kwetu hakuna anayeniita kwa jina langu. Wananiita Mama Subira, na mtoto wa jina hilo sina. Walinipa siku picha za Bi Mdogo zilipotoka gazetini, miaka tisa iliyopita, kavaa miwani mikubwa ya jua, kashikana mkono na Mheshimiwa, mume wangu, wakishuka garini. Watu walijaa dukani kutazama nitafanya nini. Nilikuwa napiga pindo la pazia la mtu. Nikaendelea kupiga pindo. Basi, jina likanikaa.

Kuhusu Mheshimiwa mwenyewe, mtaa umegawanyika pande mbili. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anaapa kwamba kiongozi kama yule hajazaliwa. Lami hii nani kaileta? Zahanati ile nani kaijenga? Muuza Magazeti, ambaye meza yake iko hatua kumi tu kutoka kwa Kinyozi, naye anauliza, na ghorofa la Bi Mdogo nalo ni zahanati? Wanaanza asubuhi wakifungua, wanaacha jioni wakifunga, na kesho yake wanaanzia palepale walipoishia. Lakini kuna jambo moja ambalo hawajapata kuligombania, nalo ni mimi. Kinyozi anasema mwanamume mwenye mke aliyetulia vile hawezi kuwa mtu mbaya. Muuza Magazeti anasema mtazameni mama yule anavyovumilia, ndipo mjue mumewe ni mtu wa namna gani. Kila mmoja alikuwa ananihitaji nikae vilevile nilivyo.

Wala hawakujua kwamba Mheshimiwa aliniacha kwa karatasi miaka mitatu nyuma. Alikuja mwenyewe sebuleni kwangu, akavua viatu mlangoni kama zamani alipokuwa mwalimu wa hesabu na sisi tuna chumba kimoja. Soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Nakumbuka nilifikiri, huyo Bi Mdogo hashoni. Akaweka karatasi mezani, akasema, "Nakuomba jambo moja tu. Usiwaambie watu. Si sasa." Nikasema sawa. Nilikuwa nimezoea kusema sawa.

*

Binti yangu alifika kama saa nne, bado na sare yake ya ukunga, viatu vyeupe vimechafuka matope. Huyu ni kifungua mimba wangu. Ana miaka thelathini, na mwezi wa nne alikuwa aolewe, baada ya posa mbili zilizovunjika kwa ajili ya jina la baba yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

Akalitazama pazia, akapunguza sauti. "Yupo?"

"Yupo. Na masikio anayo."

Hakujali. Akavuta kigoda, akakaa magoti yakigusa yangu. "Mjomba kanipigia simu. Anasema kesho kuna wageni. Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Una miaka hamsini na miwili!"

"Najua. Nilikuwepo yote."

"Usifanye mzaha, Mama." Midomo ilianza kumtetemeka. Tangu mtoto ni hivyo, midomo inalia kabla ya macho. "Unajua mama mkwe wangu kaniambia nini? Kaniambia uso kwa uso: 'Baba yako simpendi, sikufichi. Lakini nimekukubali kwa sababu ya mama yako. Binti wa mwanamke mvumilivu vile hatakimbia nyumba ya mwanangu.' Kwa sababu yako, Mama. Sasa wakisikia uliachwa siku nyingi ukanyamaza, na unaolewa na mtu wa nyuma ya pazia, watasemaje? Watasema ilianza lini? Watasema kumbe ndiyo maana baba aliondoka."

"Baba yako kaondoka miaka tisa. Fundi kaja miaka minne."

"Watu wakitaka kusema hawahesabu miaka."

"Na mimi je? Mimi sina siku yangu?"

"Mpaka niolewe tu. Mwezi wa nne si mbali. Si sasa, Mama. Nakuomba."

Nilimtazama paji la uso, nikamwona baba yake amekaa pale, na maneno yake yaleyale. Lakini mdomo uliokuwa unatetemeka ulikuwa wangu. Nikachukua kipande cha kitambaa cha viti nilichokuwa nashona, nikamfuta machozi. Kilikuwa kigumu, kikamkwaruza, akasema "Aa, Mama!" kama alivyokuwa akisema nikimsuka.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Sijala."

"Nenda ukale. Tutazungumza."

Hakunibana zaidi. Alijua mama yake akisema "tutazungumza" amekwisha kulegea. Alipotoka nilisikia kwamba upande wa pili nyundo ilikuwa imenyamaza, sijui tangu lini. Halafu, pa. Akaendelea.

Nilifunua pazia. Alikuwa amepiga goti mbele ya kiti, kimoja kati ya kumi na viwili tulivyoagizwa vya chumba cha kungojea cha daktari wa meno, mashavu yamejaa misumari.

"Umesikia?"

"Mm."

"Ni mwanangu, Fundi."

"Mm."

"Nitasema tu. Nimekuahidi leo, na leo haijaisha."

Akaniinulia nyusi. Ngoja nimalize mstari. Nikarudi kwangu.

*

Redio ya Kinyozi haizimwi. Saa tano na kitu nilisikia sauti ninayoijua, nikaacha kukanyaga cherehani bila kutaka. Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa. Mtangazaji, msichana mwenye sauti ya ukali, alikuwa anamuuliza mambo ya kazi yake, akajibu vizuri kama kawaida, maana kusema anajua. Kisha msichana akasema, "Mheshimiwa, wananchi wanasema nyumba yako imekushinda. Mama wa watoto wako umemtelekeza. Mtu wa namna hiyo apewe kura ya nini?"

Nilimsikia akivuta pumzi. Miaka thelathini niliijua ile pumzi. Anaivuta kabla ya uongo.

"Dada yangu," akasema, "mke wangu hana malalamiko. Yuko dukani kwake, anashona mapazia yake, ana amani yake. Mwenye shaka asiniulize mimi. Aende akamuulize yeye."

Nje nikasikia viti vya kwa Kinyozi vinakokotwa.

Walivuka barabara wote kwa pamoja. Kinyozi mbele, mashine ya kunyolea mkononi. Nyuma yake mteja wake, kanyolewa nusu ya kichwa, shuka jeupe shingoni likipepea. Muuza Magazeti kaacha meza yake wazi. Mama Mboga kaja na fungu la mchicha kwapani, na nyuma yao wapita njia wa kutosha kulijaza duka langu mpaka kwenye kizingiti.

"Shemeji!" akasema Kinyozi. Siku zote ananiita shemeji, eti Mheshimiwa ni kaka yake wa moyoni. "Shemeji, samahani kwa fujo. Umesikia mwenyewe. Tumetumwa."

"Nani kakutuma wewe?" Muuza Magazeti akamkata. "Mama, usimsikilize. Sema ukweli wako, sisi tuko nyuma yako. Mtu huyu kakutesa au hakukutesa?"

"Usimlishe maneno!"

"Nani kamlisha? Wewe ndiye unamwita shemeji, hilo si neno umemlisha?"

"Nyamazeni nyote," akasema Mama Mboga. "Mwanamke mwenzangu, mimi nakuuliza kwa upole, maana hawa wamekuja kama wanagawiwa kitu. Jibu moja tu tukafanye kazi zetu. Wewe ni mke wake, au si mke wake?"

Ndivyo alivyouliza. Sijapata kuulizwa swali jepesi vile. Maneno mawili tu, "si mke", nikawa nimemaliza kila kitu. Kesho Dada angekuja. Alhamisi ningepanda lori na cherehani yangu.

Nikageuka. Fundi alikuwa amelivuta pazia, amesimama mlangoni, nyundo mkononi, mashavu yamejaa. Kila mtu alimwona na hakuna aliyemtazama. Kwao ni jirani tu kasikia kelele, kachungulia. Mimi nilimtazama. Nilimwambia kwa macho, tema. Tema hiyo misumari, useme neno moja, useme huyu ni mchumba wangu, nami nitadakia palepale. Sauti ikianza tu, mimi nitaimalizia. Naye alinitazama macho makavu, hayapepesi, na taya limekaza mpaka niliona mshipa wa shingo unapiga. Hata nyusi hakuinua.

"Mbona unamtazama Fundi?" Mama Mboga akacheka. "Au yeye ndiye kakushika ulimi?"

Watu wakaangua kicheko. Yule wa nusu kichwa akacheka mpaka shuka likaanguka. Ilikuwa ni mzaha tu, jambo ambalo haliwezi kuwa, kama kusema ng'ombe kapanda ngazi. Na kicheko kile ndicho kilichonimaliza. Nilimwona binti yangu ndani yake, na mama mkwe wake, na mjukuu wangu akiulizwa shuleni. Niliona wakicheka hivyohivyo, lakini bila mzaha.

"Mimi," nikasema. "Mimi ni mama wa watoto wake. Hayo mengine niacheni nishone."

Kinyozi akarusha mikono juu. "Si nilisema! Mmesikia? Hana malalamiko!"

"Hana malalamiko wapi?" Muuza Magazeti akapaza sauti. "Hukumwona uso? Mwanamke anateseka, na bado anamfichia aibu yake! Mama, Mungu akulipe."

Mama Mboga alinikumbatia, mchicha ukanilowesha bega. "Wewe si mtu wa kawaida," akaninong'oneza. "Mimi ningekwisha kuolewa na mwingine siku nyingi."

Wakaondoka wakibishana, wamefurahi pande zote mbili. Kila mmoja alikuwa amekwenda na jibu alilokuja nalo.

*

Fundi alirudi kwenye kiti chake. Hakugonga. Aliinama juu ya kopo, akaanza kuitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaiweka kiganjani ikiwa imelowa, akaikausha kwa kitambaa kama vijiko vya mgeni. Nilisimama pembeni yake nikingoja amalize. Ilikuwa mingi.

"Ungesema," nikamwambia. "Neno moja tu. Nilikutazama."

"Nilikuona."

"Sasa?"

"Nilikuwa na misumari mdomoni."

"Misumari hutemwa, Fundi!"

Akaitazama iliyokuwa kiganjani. "Kweli," akasema polepole. "Hutemwa. Na wewe, mwenzangu, mdomoni ulikuwa na nini?"

Nikaokota msumari mmoja uliodondoka sakafuni, nikampa.

Akaimimina koponi, akakaa juu ya kile kiti ambacho hakijakwisha, sponji yake bado iko wazi pembeni. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu.

"Ningesema mimi," akasema, "wangesema fundi kaiba mke wa mtu, na wewe ungekuwa kitu kilichoibwa. Lile neno lilikuwa lako. Nilitaka ulitoe mwenyewe, nikuone ukilitoa." Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Tena nisijifanye shujaa. Niliogopa. Nilifikiri, nikisema naye asidakie, nitakwenda wapi na uso wangu?"

"Ningedakia."

"Nami ningesema, kama ungeanza."

Tukatazamana. Huwezi kuamini, tulitabasamu. Watu wazima wawili, kila mmoja kamngoja mwenzake mlangoni mpaka mlango ukafungwa.

Nikapiga magoti mbele yake, na magoti yangu unayajua. Nikamshika mikono. Vidole vyake vya kushoto vina sugu kwenye ncha kwa kuvuta vitambaa, ngumu kama kwato, lakini kiganja ni laini. "Mpaka binti yangu aolewe," nikasema. "Mwezi wa nne. Nenda, nami nitakufuata. Mwezi wa nne, Fundi. Nakuapia."

"Na Mei atakuwa mwali mgeni, hutaki kumtia aibu kwa wakwe. Mwakani atakuwa na mimba. Kisha mtoto ni mchanga. Halafu kuna kura, halafu Mheshimiwa anaumwa." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwimbia mtoto. "Sikulaumu. Una moyo wa kubeba watu wote. Lakini kila wewe ukiwabeba, mimi ndiye nawekwa chini."

"Hunipendi tena?"

"Ningekuwa sikupendi ningengoja. Kungoja kungekuwa hakuniumizi."

Akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho maana miwani hana, akapiga. Sikuinuka. Sauti ya dada yake ilitoka kubwa, yule mama haamini kwamba simu inasikia bila kupigiwa kelele.

"Halo! Nimekwisha nunua viatu! Kesho niende saa ngapi?"

"Dada, usiende."

"Nini?"

"Usiende kesho."

"Kwani kasemaje?"

"Hajasema."

"Hajasema si hapana! We mtoto, mpe nafasi mwanamke wa watu! Kanikatalia nani? Nipe mimi niongee naye!"

Alinitazama. Simu ilikuwa katikati yetu, umbali wa mkono mmoja. Ningeweza kuichukua. Nilimsikia dada yake anapumua upande wa pili, mtu mzima amenunua viatu vipya kwa ajili yangu. Mkono wangu uliinuka, nakwambia kweli uliinuka, ukafika kwenye goti lake, ukakaa hapo.

Akangoja. Kisha akasema, "Hayupo hapa, Dada," akakata.

*

Vile viti kumi na viwili alivimaliza Jumatano. Nami nilishona hadi kifuniko cha mwisho, kwa sababu kazi ni kazi na daktari wa meno hakutukosea. Tulifanya kazi kutwa nzima, pazia liko wazi, na tulizungumza mambo ya uzi tu. "Huu umefifia." "Chukua ule mwingine." Mara moja alisimama nyuma yangu nikishona, muda mrefu, nikahisi pumzi yake kwenye kitambaa cha kichwa changu. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitaahidi jambo jingine.

Jioni ile binti yangu alinipigia simu, analia kwa furaha. Mama mkwe wake alikuwa amesikia redio, na akasikia nilivyojibu, kwamba sikumwaibisha mwanamume hata aliponiaibisha. Alisema harusi isingojee mwezi wa nne, ifanywe mwezi ujao. "Umeniokoa, Mama," akasema. "Baba naye anashukuru. Anasema siku hiyo mtakaa meza moja."

"Na Bi Mdogo?"

"Hatakuja. Baba anasema si vizuri, kutakuwa na picha."

"Sawa," nikasema.

Alhamisi lori lilikuja asubuhi, jua limekwisha panda. Mtaa mzima ulitoka kumsaidia kupakia, maana Fundi hakuwa na adui. Kinyozi na Muuza Magazeti walibeba meza yake ya kukatia, mmoja mbele mmoja nyuma, wakigombania ni nani anayeielekeza vibaya. Mimi nilikuwa ndani nakanyaga cherehani bila kitambaa.

"Mama Subira!" Mama Mboga aliniita kutoka nje. "Toka umuage jirani yako! Miaka minne ukuta mmoja, unamwacha aende hivihivi?"

Nikatoka. Wakatupisha njia, wanatabasamu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori, lile shati la Jumanne, kola bado imekunjika upande uleule. Mikono yangu ilitaka kuinyoosha. Watu walikuwa labda ishirini.

Alishuka akanipa mkono.

"Haya, jirani," akasema. "Tumeishi vizuri."

"Tumeishi vizuri, Fundi. Safari njema."

"Mgongo uutunze."

"Nitautunza."

Aliushika mkono wangu muda mrefu kuliko jirani anavyoushika, kidogo tu kupita inavyofaa, na hakuna aliyeona. Alinitazama mara moja, yale macho yake ya Jumanne yasiyopepesa, na safari hii mdomo wake ulikuwa mtupu. Na wangu ulikuwa mtupu. Dereva akapiga honi. Akaniachia.

Lori lilipopinda pale kwenye kona ya zahanati watu walitawanyika, kila mtu kwenye shughuli zake. Mama Mboga alibaki kando yangu, mikono kiunoni, akitazama vumbi linavyotulia.

"Mtu mzuri yule," akasema. "Mpole, fundi wa kweli, hanywi, hagombani na mtu. Nashangaa miaka yote hii hakuna mwanamke aliyemwona."

"Hata mimi nashangaa," nikasema, nikarudi ndani.